Msimu wa Kungojea Ile ya Treni

Jumatatu, 2 Machi

Nesi wa presha kaniambia niache kugombana na watu, niwe naandika. "Mama, kila linalokuudhi liandike, funika daftari, lala." Nikamwambia daftari moja halitafika mwisho wa mvua. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Haya, la kwanza. Mpwa kabandika ubao wa mwaka. Mpwa ndiye meneja wetu, mtoto wa dada yake mwenye sinema, na umeneja kaupata kwa undugu. Ingekuwa kwa akili angekuwa bado anatafuta kazi. Ubao wenyewe unakaa ukutani nje, umeandikwa ZINAKUJA kwa herufi nyekundu, na chini yake filamu zote kubwa za mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, ili watu waanze kuzingojea mapema. Na wanazingojea kweli. Leo kuna mzee kaja na kigoda chake, akakaa mbele ya ubao akausoma kama wasia wa tajiri.

Mimi nipo pembeni tu ya ubao huo, kwenye kidirisha changu cha tiketi, nyuma ya kioo, nikijibu watu wenye macho yao mazima.

"Mama Tiketi, ile ya joka inakuja lini?"

"Imeandikwa."

"Na ile ya yule mwenye jicho moja, sehemu ya tatu?"

Nikachomoa kalamu kwenye nywele, nikagonga kioo. "Imeandikwa. Husikii, au huoni? Anayefuata!"

Mimi sina ninachongojea kwenye ubao ule. Muuza tiketi haoni mwanzo wa filamu. Wachelewaji wanataka kuhudumiwa mpaka nusu saa baada ya taa kuzimwa, na nikifunga dirisha na kuingia ukumbini nakuta watu wameshaanza kulia. Nawajua wote waliokufa kwenye skrini ile. Walichokosana siwezi kukuambia.

Alhamisi, 5 Machi

Joto. Mawingu yanajikusanya halafu hayafanyi kitu. Kama Mpwa.

Ijumaa, 6 Machi

Leo Fundi kachelewa kuwasha, watu wakapiga miluzi, nikatukanwa mimi. Ndivyo ilivyo, wa juu akikosea wa chini ndiye anayeonekana.

Fundi ndiye mwendesha mashine. Anakaa kule juu kwenye chumba chake chenye tundu, na zamani alikuwa mume wangu. Tuliachana kwa adabu, hatukuvunja hata sahani. Tungekuwa tunasalimiana mpaka leo kama si habari ya binti yetu. Nilikuwa nimeshamwombea kazi dirisha la pili, lile lililo wazi hapa pembeni yangu. Nilimshonea mpaka mto wa kukalia, maana kiti kile ni cha zege na ubaridi wake unapanda mgongoni. Akanitazama mimi mama yake akasema, "Mama, mimi sizeeki kwenye tundu la njiwa."

Tundu la njiwa! Tundu lililomlisha, likamvisha, likamlipia shule! Akaenda zake mji mwingine kutafuta kuigiza. Na aliyembebea begi mpaka kituoni, kimyakimya, alfajiri, ni baba yake. Mwaka wa tatu huu, binti simsemeshi, na baba simsemeshi.

Lakini kazi haijui ugomvi. Hapa dirishani nina kitufe cha kengele inayolia kule juu kwake. Nikibonyeza mara moja, anza. Mara mbili, subiri, foleni bado ndefu. Mara tatu, kuna balaa. Yeye ana swichi ya kitaa chekundu kilichoning'inia juu ya kichwa changu, akikiwasha mara moja maana yake kasikia. Ndiyo ndoa iliyobaki hapo.

Jumamosi, 7 Machi

Watu wengi. Wote wajinga.

Jumanne, 10 Machi

Sijui niandike vipi.

Jioni, kabla ya filamu yenyewe, Fundi huwa anaonyesha vionjo vya filamu zinazokuja. Mimi navisikia kupitia ukutani, milipuko na vilio, wala sijali. Leo nilikuwa namkatia tiketi baba mmoja mwenye watoto wanne, kila mmoja anataka kukaa dirishani kana kwamba ni basi. Mara nikasikia sauti. Neno moja tu, sikulishika, lilizibwa na muziki. Lakini sauti ya mtoto uliyemzaa unaijua hata ikipita kwenye zege.

Nikaacha mikono ikaning'inia. Yule baba akaniuliza kama naumwa.

Watu walipokwisha nikamwita Bawabu. Bawabu ndiye anayechana tiketi mlangoni, kaja mwaka jana, ana karanga mfukoni na mdomo usiofunga, na binti yangu hamjui.

"Kile kionjo cha tatu kilikuwa cha nini?"

"Kile? Cha ile ya treni, Mama. Wezi wanaiba treni nzima."

"Kuna mwanamke anaongea mle?"

"Kuna sauti tu. Picha ni treni inatoka kituoni. Kwani vipi?"

"Kwani nini vipi? Rudi mlangoni kwako."

Nikaenda nje nikausoma ubao, mimi niliyewacheka wanaousoma. Ile ya treni imeandikwa mwezi wa Mei, kwa herufi ndogo, imebanwa kati ya joka na ile ya maharusi waliokimbiana. Nilisimama pale mpaka Mpwa akauliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 11 Machi

Sina haja nayo. Naandika tu kwamba sina haja nayo.

Ijumaa, 13 Machi

Sauti tena. Neno lile lile. Nimebandika sikio ukutani, mteja akanikuta hivyo.

Jumatatu, 16 Machi

Fundi anajua. Anajua tangu lini, Mungu ndiye shahidi. Leo kapita mbele ya dirisha langu na kopo lake la chai, akapunguza mwendo, akafungua mdomo. Nikageukia ukuta nikaanza kupanga vishina vya tiketi vilivyokwisha kupangwa. Akaenda zake. Binti anampigia baba simu kila wiki, Bawabu kanipa siri hiyo, anasikia wanavyocheka kule juu. Wacheke. Mimi niliyembeba tumboni naambulia sauti ya ukutani.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua imeanza. Paa letu ni la bati tupu. Ikinyesha kwa nguvu ukumbini hakisikiki kitu, shujaa anafungua mdomo kama samaki na watu wanadai warudishiwe kiingilio. Wanakuja kudai kwa nani? Kwa mimi. Eti mimi ndiye niliyeinyesha.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Matusi. Mvua.

Jumanne, 24 Machi

Mpwa kaitisha kikao. Akasimama na koti lake la mikono mirefu kuliko mikono.

"Wapendwa, nimefikiria," akasema, nami nikajua tumekwisha. "Mvua hizi zitaniua. Mei nafunga wiki mbili, natengeneza paa. Nikifungua, nafungua na joka. Mambo makubwa!"

Nikahesabu kichwani. Wiki zake mbili zinaangukia papo hapo kwenye ile ya treni.

"Na ile ya treni?" nikauliza.

"Hiyo ndogo, Mama. Haina majina makubwa. Hakuna anayeiulizia, tutairuka."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ananitazama. Sote tukatazama chini.

Kisha Mpwa akatoka na karatasi nyeupe na gundi, akaifunika ile ya treni pale ubaoni. Kaibandika upande upande. Hata kufunika hajui.

Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani bila kuvua viatu. Nasema ukweli, maana humu naandika peke yangu. Nataka kumwona. Msamaha siutaki, kuongea naye sitaki, aje na zawadi sitaki. Nataka nimwone uso wake ukiwa mkubwa kama nyumba, nijue kama amekonda. Basi. Sinema nyingine iko mbali, na mimi nikapange foleni kwa muuza tiketi mwingine, aniambie imeandikwa? Bora nife.

Jumatano, 25 Machi

Mpwa kasema hakuna anayeiulizia. Haya. Tutaona.

Ijumaa, 27 Machi

Leo nimekuwa mtamu mpaka nimejishangaa.

"Mama Tiketi, joka lini?"

"Joka, mwanangu? Usipoteze hamu yako. Joka lenyewe linaonekana mkia."

"Mkia tu?"

"Mkia na moshi. Ungejua kuna ile ya treni..." Hapo nikanyamaza, nikatazama kushoto na kulia. "Basi. Nimekatazwa kuitaja."

"Kwa nini?"

"Unaona ile karatasi nyeupe ubaoni? Jiulize kwa nini wameifunika. Anayefuata!"

Karatasi ya Mpwa imenisaidia kuliko tangazo. Mtu ukimfunikia chungu, atataka kujua kinapikwa nini.

Jumapili, 29 Machi

Nimewaambia vijana wa gereji kwamba mle kuna mtu anakufa mara tatu. Nimewaambia akina mama wa saluni kwamba kuna mapenzi yasiyosemeka. Sijaona hata picha moja ya filamu hiyo. Mungu anisamehe, au asinisamehe, foleni ni ndefu.

Alhamisi, 2 Aprili

Uongo wangu umeota miguu. Bawabu kaja mbio kunipa habari kwamba katika ile ya treni, treni inatoka kwenye skrini na watu wa viti vya mbele wanapewa kofia za chuma.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima, Mama."

Nikamwambia hilo la kofia bado halijathibitishwa.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua kubwa. Nilipofika kazini nikamkuta Fundi juu ya paa, na ndoo ya lami, anaziba matundu ya misumari. Shati limemganda mgongoni. Mtu wa umri wake, magoti yake nayajua mimi, yanalia akipanda ngazi tu. Mpwa yuko chini ya mwavuli anamwelekeza.

Aliposhuka alikuwa anatetemeka. Simwonei huruma. Nimemwambia Bawabu ampelekee chai kutoka chupa yangu, na asiseme imetoka kwangu.

Jumatano, 8 Aprili

Chupa imerudi imeoshwa. Bawabu kasema chai ilikotoka. Hawezi kufunga mdomo hata kwa kutishiwa.

Jumamosi, 11 Aprili

Fundi paani tena. Kumbe si kwamba Mpwa kamtuma. Mpwa alimwambia asubiri mafundi wa Mei. Nimemuuliza Bawabu, Fundi ana haraka ya nini. Bawabu kasema Fundi kamjibu hivi: "Paa likipona kabla ya Mei, hakuna sababu ya kufunga Mei."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Kumbe tulikuwa tunaipigania filamu ile ile, mimi kwa ulimi, yeye kwa lami. Angeweza kuniambia. Ningeweza pia kutogeukia ukuta, lakini yeye ndiye aliyebeba begi.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo vijana wa gereji wamekuja kumi na kitu, wakamzunguka Mpwa pale nje. "Bosi, mbona mnatuficha ile ya treni?" Mwanamke mmoja wa saluni akabandua karatasi kwa kucha zake mwenyewe. Mpwa akacheka kile kicheko chake cha kuomba kura, akaingia ndani, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyegundua moto:

"Mama, nimepata wazo. Tuonyeshe ile ya treni."

"Wazo zuri, Meneja."

"Paa naona linavumilia. Soko lazima ulisome mapema."

"Unasoma sana, Meneja."

Nesi angenipima presha saa ile angenipa cheti.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Sauti ya ukutani haikusikika, bati limeimeza. Nimejikuta naitafuta.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimemwomba Mpwa ruhusa siku ya kwanza ya ile ya treni. Nimeomba kwa adabu, kwa maneno mawili, sikueleza kwa nini.

"Siku hiyo?" akasema. "Mama, siku hiyo foleni itafika barabarani. Watu wamepagawa na filamu hiyo, sijui ni nani aliyewaambia. Siku hiyo hata ukiumwa uje."

Nimejichimbia shimo, nikajitumbukiza, nikajifukia. Nitaingia baada ya nusu saa kama siku zote, basi. Kama yumo, yumo. Mtu haigizi nusu saa akatoweka.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimesuka nywele. Bawabu kauliza kama nina harusi. Nimemwambia nina msiba, wake.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika kwa hasira.

Foleni ilifika barabarani kweli, ikapinda. Niliuza tiketi mpaka kidole gumba kikakauka kwa kulamba. "Imeandikwa! Kiti chochote! Anayefuata!" Kila aliyefika kiooni akanishukuru mimi kwa kumwambia kuhusu filamu hii, na kila shukrani ilinichelewesha. Saa ya kuanza ikafika. Nikabonyeza kengele mara moja: anza.

Kitaa kikawaka mara mbili.

Mara mbili haina maana yoyote! Miaka yote hii kitaa hakijawahi kuwaka mara mbili. Nikabonyeza tena, mara moja, kwa nguvu. Kikawaka mara mbili. Nikasema moyoni, huyu leo ndiyo kachagua siku ya kunichezea, siku ya leo! Ndani watu wakaanza miluzi. Nikabonyeza mara tatu, balaa, balaa, balaa. Mara mbili tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Mwishowe nikasikia viatu vya Mpwa vinapanda ngazi, sauti yake inabweka kule juu, kisha muziki ukaanza.

Nikauza. Nikauza nusu saa nzima, na katikati ya kelele zile nikasikia ukumbi wote umeangua kicheko, kicheko kikubwa mpaka kioo changu kikatetemeka. Sikujua wanacheka nini.

Nilipofunga dirisha niliingia gizani, nikasimama ukutani nyuma maana hakuna kiti. Nikakodoa macho. Treni ikaibwa. Watu wakapigana juu ya mabehewa. Kila mwanamke aliyepita nilimtazama: mwenye bunduki si yeye, mwuguzi si yeye, mke wa mwizi si yeye, hata yule wa mbali kabisa mwenye mtoto mgongoni nilinyoosha shingo, si yeye. Taa zikawashwa. Watu wakapiga makofi. Nikabaki nimesimama na nywele zangu za kusuka.

Wamemkata. Wamemchukua mwanangu wakamweka kwenye kionjo wapate kuuzia, kisha wakamkata wakamtupa. Na Fundi alijua. Filamu mpya huijaribu asubuhi peke yake, kaiona yote, na badala ya kusema neno la kibinadamu ananichezea taa! Sitamsamehe. Nimeapa. Wakija kunizika asisogee karibu na jeneza.

Na huyo binti naye, kwa nini hakuniambia wamemkata? Ningeenda kuwatukana mimi mwenyewe.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi nimeandika barua ya kuacha kazi. Jioni sikuipeleka. Nitaeleza.

Foleni ilikuwa kama ya jana. Manyunyu tu, bati limetulia. Mimi siongei, natupa tiketi. Saa ikafika, nikabonyeza kengele. Kitaa hakikuwaka. Nikabonyeza mara tatu. Kiza. Miluzi ndani, miguu inapiga sakafu. Mpwa akaja mbio mpaka dirishani, tai iko begani.

"Mama, vipi? Mpigie!"

"Nimempigia. Mpandie wewe, jana si ulimpandia?"

"Kafunga mlango wa juu, hayumo!"

Na kweli hayumo, maana nilipogeuka kwenye kioo niliona anakuja kwenye foleni, kutoka nje, Fundi mwenyewe, anapenya kati ya watu na ufunguo wa chumba chake mkononi. Wa mbele wakafoka, "Mzee, panga foleni!" Akawapita. Akainama mpaka uso wake ukawa kwenye kitundu cha kioo. Sijauona uso ule karibu hivyo kwa miaka. Umezeeka, shavuni una tone la lami ambalo halijatoka.

"Funga dirisha," akasema. "Njoo ukae."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza. Baada ya miaka mitatu, hayo.

"Unanichezea taa jana, leo unaniamrisha?"

"Sikukuchezea. Nilikuwa nakuita. Ningekuitaje? Kengele yako inajua kuniamrisha mimi, taa yangu haijui kukuita wewe."

"Ungekuja!"

"Si nimekuja?"

Kwenye foleni mmoja anakula mahindi anatutazama kama kalipia. Nikasema, "Hayumo mle. Nimeangalia mpaka mwisho. Wamemkata."

"Wewe huoni mianzo," akasema Fundi. "Yumo. Yuko mwanzoni kabisa. Ukipiga chafya umemkosa."

Mpwa akajiingiza. "Jamani, haya ya nyumbani baadaye! Nani atauza?"

Fundi akamfungulia mlango wa kidirisha changu. "Wewe."

"Mimi ni meneja!"

"Na mimi ndiye mwenye ufunguo. Filamu haianzi mpaka huyu mama amekaa."

Mpwa akatutazama, akausikiliza ukumbi unavyopiga sakafu, akainama akaingia. Alipoketi kwenye zege aliruka kwa ubaridi. Sikucheka, lakini nililiweka akiba.

Fundi akanipeleka mpaka kiti cha katikati, akamwinua Bawabu aliyekuwa kakikalia bila tiketi. Akapanda ngazi zake na magoti yake. Taa zikazimwa. Na mimi, muuza tiketi wa sinema hii tangu paa likiwa jipya, nikaona mwanzo wa filamu.

Ni kituo cha treni. Mvua inanyesha. Mwizi mkuu anaingia mbio, analowa, treni iko karibu kuondoka, anakimbilia dirisha la tiketi. Nyuma ya kioo kuna mwanamke kainama. Sweta vifungo vimepishana. Miwani puani. Kalamu kwenye nywele. Analamba kidole gumba, anahesabu karatasi zake polepole, dunia yote imsubiri.

"Dada, treni ya kwanza inaondoka lini?"

Hakuinua kichwa. "Imeandikwa."

"Dada, tafadhali, nina haraka..."

Akachomoa kalamu. Akagonga kioo. Akainua uso, na uso ukawa mkubwa kama nyumba, na alikuwa mwanangu, na hakukonda.

"Imeandikwa. Husikii, au huoni?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walipiga mapaja, walipiga viti. Sauti moja ya kijana wa gereji ikapaa gizani, "Jamani! Mama Tiketi!" na vichwa vyote vikageuka kunitafuta, safu kwa safu, vinacheka. Na kule juu mwanangu akamalizia, kwa sauti ile ya ukutani, neno nililolitafuta mvua nzima:

"Anayefuata!"

Treni ikaondoka. Basi, kwisha. Hakurudi tena.

Mwizi mkubwa huyu mtoto! Ndiyo nilichowaza. Kaniiba mzima mzima. Kaiba kalamu, kaiba kidole gumba, kaiba sweta langu na vifungo vyake. Miaka mitatu nasema hakunitazama, kumbe alinitazama kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kioo kile. Nililia. Sioni haya kuandika kwamba nililia kwa sauti, na mtu wa kiti cha pembeni akanipa leso akasema, "Mama, mbona hapa ni pa kucheka?"

"Cheka wewe," nikamwambia. "Mimi ndiye mwenye mali."

Sikusubiri mwisho, mwisho naujua. Nikatoka nikamkuta Mpwa kwenye kidirisha, kachanganya viti, watu watatu wana tiketi ya kiti kimoja, anakaribia kulia. Nikamvuta kwa kola nikamtoa. Nikakaa. Halafu nikabonyeza kengele mara moja, ingawa filamu ilikuwa imeshaanza na kengele haikuwa na maana.

Kitaa kikawaka mara moja.

Jumapili, 10 Mei

Namba ya binti nimeiomba kwa Fundi. Kwa mdomo. Kanipa, akaniambia na saa nzuri ya kumpata.

Kapokea. "Haloo?"

Nikasema la kwanza lililokuja. "Kalamu naichomeka kushoto. Wewe umeichomeka kulia."

Nikadhani kakata. Kisha nikasikia pumzi yake, pumzi ya kulia ninayoijua tangu hajaota meno.

"Mama. Umeona mwanzo?"

"Nimeona."

"Waliniambia mimi ni wa mwanzo tu, nikajua hutaniona. Ndiyo maana nilimwambia Baba asianze mpaka umekaa."

Nikatazama ukuta, lakini safari hii sikumgeuzia mtu kisogo, ulikuwa ukuta tu. Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu yamejipanga foleni, yote makali, na mlango ukawa mdogo. Nikamuuliza kama anakula. Kasema anakula. Nikamwambia Mpwa anabandika nyongeza ya ubao kesho, kama kuna nyingine aliyomo aseme mapema, nisije nikaisikia ukutani kama jirani.

"Ipo moja, Mama, ya Novemba. Niko katikati."

"Katikati nafika," nikasema.

Halafu, kwa kuwa alikuwa bado analia na mimi sitaki mtu alie kwenye simu ya gharama, nikamwambia kwamba dirisha la pili halijapata mtu, na mto wake bado uko pale juu ya kiti. Akija kututembelea asikae kwenye zege.